Kadi ya Dhahabu ya Mwanangu

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Hoteli ina mlango unaofunguka wenyewe. Nimeupita mara mbili, mara ya pili kwa makusudi, ili watu waone sishtuki.

Likizo nzima kalipa mwanangu, kifungua mimba wangu, fundi vioo mwenye duka lake. Tuko watano: yeye, mke wake, binti yao wa miaka sita, mimi, na mama mzazi wa mke wake, mwalimu mstaafu, ambaye humu nitamwita Miwani. Miwani kasomesha watoto wa watu tangu ujana wake, wala hakuna hata mmoja aliyempeleka hotelini. Mimi niliishia darasa la saba, nikazaa mmoja tu wa kiume, na huyo mmoja kanileta hapa. Hesabu hiyo aifanye mwenyewe, ndiyo kazi yake.

Chini kuna kasino. Juu yake ukumbi wa chakula, ule wa kujipakulia, unakula mpaka ushindwe. Mlangoni watu wanalipa. Sisi hatulipi! Mwanangu katoa kadi ya dhahabu, mhudumu kainama, tukapita. Nikauliza wanapewa akina nani kadi hiyo. Mhudumu akasema wageni wa heshima wa kasino. Nikamwomba arudie kwa sauti. Miwani ana umri, pengine hakusikia.

Jumanne, 5 Agosti

Chakula ni cha mwanangu, basi mwenyeji ni mimi. Siwezi kumwacha mkwe mwenzangu asimame foleni na sahani kama hana watu. Nimempakulia kwa mkono wangu: nyama, samaki, viazi, na keki juu ya viazi kwa kuwa nafasi iliisha. Alisema ameshiba chai. Nikamwambia mgeni wangu hashibi kwa chai. Kala. Anatafuna kama anasahihisha daftari.

Kisha nimesimama karibu na mpishi wa mayai nikawa nawakaribisha watu. Karibuni, jisikieni nyumbani, nyama bado ipo. Mzee mmoja akaniuliza kama hoteli ni yangu. Nikasema ni mambo ya mwanangu. Sikudanganya sana.

Mwanangu hakula nasi. Yuko chini kwenye mashine za kamari tangu asubuhi. Kumbe nako kuna jasho: katokea mchana macho mekundu, kanywa maji kwenye glasi ya mkewe, karudi. Binti yake kamkimbilia mpaka kwenye lifti. Mlango ukafungwa mbele ya pua yake. Nimempa keki.

Jumatano, 6 Agosti

Mkwe wangu kanivuta pembeni kwenye korido, karibu na toroli la mashuka. Ana neno. Kasema mume wake ameuza meza ya kukatia vioo, na kwamba duka limebaki kufuli tu. Kasema asubuhi hii amemwapisha, mkono juu ya kichwa cha mtoto: asiguse mashine tena. Akigusa, yeye anamchukua mtoto na Miwani na hataonekana tena kwenye nyumba ile. Mwanangu kaapa, akalia.

Nikamuuliza, sasa mtu anayeheshimiwa hivi analia nini?

Akasukuma toroli pembeni. "Mama, hiyo kadi siyo ya heshima. Wanampa anayepoteza sana, ili asitoke hata kwenda kula."

Nimemwonea huruma. Mtoto wa watu, wivu unamla. Mimi nimeuza mchele sokoni hadi magoti yamekongoroka, sijaona mwenye duka anayemlisha mtu aliyefilisika. Elimu nyingi nayo inachosha kichwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya.

Asubuhi palikuwa pazuri. Mwanangu kakaa nasi mezani, kamenya chungwa, kampa binti yake kipande kimoja kimoja. Kisu kilimponyoka mara mbili, lakini kamenya lote. Mkwe wangu kacheka. Sijamsikia akicheka tangu harusi.

Mchana tukafika mlangoni. Mhudumu kaipitisha kadi. Kaipitisha tena. Kasema imelala. Kadi isiyochezewa kule chini hulala, mama, ndivyo ilivyo. Nyuma yetu foleni imefika kwenye ngazi. Na yule mzee niliyemkaribisha yumo!

Miwani kafungua pochi, katulipia wote. Kimya! Angesema neno ningepumua. Tena kaja kunipakulia: samaki mdogo, mboga, bila chumvi. Kasema ni vizuri kwa presha yangu. Nani kamwambia nina presha? Nimekula chakula cha Miwani mbele za watu.

Mwanangu alikuwa anatabasamu tu, kama mtu aliyetua mzigo. Hakuona jinsi mama yake anavyodhalilika.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata dawa.

Nimemfuata kwenye bwawa la kuogelea. Alikuwa amemshika binti yake tumboni, anamfundisha kuelea. Nikamwita pembeni, nikavua bangili zangu zote mbili, za marehemu baba yake, nikamwekea kiganjani. Nikamweleza taratibu: barabara ya nyuma kuna sonara, nimemwona. Auze, ashuke chini, acheze kidogo tu, kadi iamke. Ni kama kulipia umeme. Mkewe hana haja ya kujua.

Kaziangalia bangili mpaka maji yakamkauka mgongoni. "Mama, usinitume kule. Akinituma mwingine nitakataa. Wewe siwezi."

Nikamwambia ndiyo maana nimekuja mimi.

Kaenda. Kavaa suruali juu ya nguo ya kuogelea, imelowa yote. Binti yake kabaki kwenye maji ya kina kifupi ananionyesha anavyoelea. Nimempigia makofi.

Jioni kadi imeamka! Mhudumu kainama kuliko siku ya kwanza. Nimempakulia Miwani mpaka sahani ikanilemea. Hakuigusa. Mkwe wangu naye hakutazama chakula, alitazama kadi mkononi mwangu, kisha kiti kitupu cha mumewe. Kainuka, kamnyanyua mtoto. Mtoto kaondoka na kijiko cha hoteli.

Nimekula peke yangu. Nyama ilikuwa laini.

Jumamosi, 9 Agosti

Wameondoka na basi la asubuhi. Miwani kanipa mkono, kasema nisiache dawa zangu. Mkwe wangu kanikumbatia, jambo ambalo sikulitegemea. Kasema hana ugomvi na mimi. Mtoto akauliza kama baba anakuja na basi la nyuma. Nikasema ndiyo. Mtoto utamwambiaje mengine?

Nilishuka kumwita mwanangu aje kuaga. Humo ndani hakuna dirisha wala saa ukutani. Nikamgusa bega. Hakugeuka.

"Subiri, Mama. Hii imekaribia kutoa."

Nimesubiri. Nikatoka mara moja, basi halipo. Nikarudi nikakaa karibu naye, nikamfuta jasho kwa khanga. Hata alipokuwa mdogo alikuwa hapendi kuachia kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Ilikuwa tuondoke leo. Hatuondoki. Nauli ya kurudi mwanangu kaiweka kwenye mashine, kwa muda.

Lakini meneja mwenyewe kaja mezani kwetu! Suti, tai, marashi. Kaniinamia. Kasema amenisikia nikiwakaribisha wageni wake, na ameona nilivyokaa na mwanangu kule chini bila kuchoka. Kaniuliza kama ningependa kadi yangu mwenyewe. Nikauliza masharti. Akasema hakuna, nicheze tu kidogo kila siku.

Nilikuwa nimebaki na pete ya ndoa. Ilikuwa haitoki kidoleni, lakini sabuni za hoteli ni za bure, na sonara hafungi Jumapili.

Kadi ninayo hapa. Jina langu lote limeandikwa kwa herufi za kung'aa, mpaka la babu. Miwani mwenye vyeti vyote vile hana hii. Na mkwe wangu akisikia nyumba moja ina kadi mbili, atarudi mbio na mtoto mgongoni. Nitampigia simu nimweleze vizuri. Leo sina nafasi. Mwanangu kanishikia kiti.