Virungu vya Bei Poa kwa Watoto Wanane

Jumatatu, 5 Mei

Ijja, binamu yangu, katika daftari hili nitakueleza yote, hata ya kuaibisha, na sitachana ukurasa hata mmoja.

Leo kwenye darasa la sarakasi Mwalimu Idder ametangaza kwamba watoto wapya wanane, wa miaka saba na minane, wataanza kujifunza virungu, vile vya kurusha hewani na kudaka, vitatu kwa kila mtoto. Vya dukani ni ghali na nyumba ya vijana, tunakofanyia mazoezi, haina pesa. Basi atakayeleta Jumamosi kirungu cha bei poa kinachomfaa mtoto, ndiye atakayewafundisha kiangazi chote.

Kuwafundisha! Unajua mimi kwenye mnara wa watu huwa wa chini kabisa. Miaka miwili nakanyagwa mabega. Wanaopiga makofi hutazama juu. Natamani mara moja tu watoto wanitazame usoni na kuniita mwalimu.

Hasnaa, jirani yetu, aliinua mkono kabla yangu. Bila shaka!

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa kwanza. Nilikwenda kwa Mzee Bihi, fundi wa kukereza mbao, nikamwomba anichongee kirungu kutokana na mabaki. Maisha yake yote amechonga miguu ya meza. Akanichongea mguu wa meza. Mzuri mno! Mzeituni mtupu, unang'aa. Akaapa utadumu miaka mia.

Nyumbani niliurusha. Ukazunguka mara moja, ukatua juu ya kidole gumba cha mguu wangu. Ukucha sasa ni mweusi. Mama aliuliza ni meza ya nani inatembea kwa mguu mmoja.

Nimejiandikia: kirungu cha mtoto kiwe chepesi.

Jumatano, 7 Mei

Mpango wa pili. Chupa! Chupa tupu ya plastiki, kipande cha mpini wa ufagio kupitia shingoni hadi kitakoni, kisha karatasi na vitambaa kwa gundi ya unga. Mpini ni wa ufagio wa Bibi. Sasa anafagia ameinama na anawalaumu mchwa. Sikumsahihisha.

Nimetengeneza vinne. Vyepesi! Vinazunguka vizuri! Nimevipaka gundi mwili mzima, vimekuwa vyeupe na vizuri kutazama, lakini havikauki. Juani vingekauka, ila paa la kina Hasnaa linaangalia letu, angeviona. Jioni nilimwona akirudi kutoka sokoni na mfuko mkubwa mweusi. Akaniuliza kama kidole changu kimepona. Nani kamwambia?

Alhamisi, 8 Mei

Niliwaza hivi: tanuri la mtaa hukausha unga kila siku. Gundi yangu ni unga. Asubuhi, nilipopeleka mikate yetu kuokwa, nikavilaza virungu vitatu ubaoni kati ya mikate na kuvifunika kitambaa. Cha nne, kilichopinda shingo, nikakiacha nyumbani.

Nilikuwa nimwombe Ba Moh, mwoka mikate, aviweke rafuni tu, karibu na joto. Lakini Ba Moh ni mjomba wa Hasnaa. Kwa hiyo sikusema kitu. Nikatua ubao, nikaenda shule.

Ba Moh hana desturi ya kuuliza. Kilicho ubaoni huingia tanurini.

Saa sita, moshi mweusi. Mtaa mzima uko nje. Plastiki imeyeyukia mikate ya nyumba saba. Kila nyumba ina alama yake kwenye mkate, na yetu ni vidole vitatu, kwa hiyo Ba Moh hakuhitaji kuchunguza. Akaniita mbele ya watu wote: "Tilila! Mimi nikadhani mama yako anajaribu mikate ya Kifaransa, kumbe kwenu siku hizi mnakula chupa! Mchuzi wake mnaupikaje, mwanangu?"

Watu walicheka. Wa zile nyumba saba hawakucheka.

Ijumaa, 9 Mei

Adhabu. Tangu alfajiri nimekanda unga wa nyumba saba. Vidole vimekufa ganzi. Kuskusi ya mchana nimekula kwa kijiko kama mgeni.

Hasnaa alikuja kuchukua mkate wao. Nikangoja kejeli. Badala yake alinong'ona kwamba virungu vyake ni vya kuchezea, vya plastiki nyembamba, na viwili vimeshapasuka. "We dada, hukubakiza hata kimoja?" Nikamjibu sikubakiza. Cha nne kilikuwa nyuma ya mlango, kisigino changu kikikizuia kisibingirike.

Nimeahidi kuandika yote, basi nimeandika.

Jumamosi, 10 Mei

Mwalimu Idder alimchagua Tafukt, wa miaka saba, avijaribu. Mguu wa meza hakuuinua ila kwa mikono miwili. Cha Hasnaa kilianguka mara moja, kikapasuka kama yai. Changu, chenye shingo iliyopinda, kilianguka mara kumi na tisa na kumgonga kichwani mara moja. Akacheka! Mara ya ishirini akakidaka, akanigeukia. "Umeona, mwalimu?"

Ijja, nilitazama nyuma yangu nione anamwita nani.

Mwalimu Idder akasema kirungu kinachofaa ni hiki: chepesi, hakivunjiki, na mtoto hakiogopi. Kazi ni yangu! Vinatakiwa ishirini na vinne kufikia Jumamosi ijayo, na Hasnaa anisaidie kuvitengeneza.

Jumapili, 11 Mei

Chupa tumeziokota kwenye harusi ya jana. Hasnaa ameleta karatasi, ufagio wa kwao na fagio kuukuu tano za majirani. Anajua kukata, siwezi kukataa. Vyote ishirini na vinne viko tayari, vimelowa chepechepe. Anasema tuvianike juu ya paa siku tatu.

Siku tatu! Mimi nimeona njia ya haraka. Nyuma ya hamamu, bafu la watu wote mtaani, kuna chumba cha tanuru la kuchemshia maji. Kikavu kabisa, na mchochea moto husinzia baada ya adhuhuri. Hasnaa anataka tumwombe kwanza. Nimemweleza kwamba mtu akiombwa hupata nafasi ya kukataa.

Shangazi yako si anafanya kazi kwenye hamamu huko Agadir? Mwulize leo leo, na unijibu kwa basi lilelile litakalokuletea daftari hili: pale ukutani, karibu na tanuru, chupa inaweza kukaa muda gani kabla haijaanza kulegea?