Tupunguze Nakshi

Jumatatu, 3 Machi

Uchaguzi ni Jumanne ya wiki ijayo. Nimeamua kuokoa uchumi.

Si kazi ngumu kwa mtu aliyekuwa karani wa hazina miaka thelathini na mmoja. Wapigakura hawajaelezwa tu. Wagombea ni wawili. Mmoja tunamwita Lami, kwa kuwa kila swali hulijibu kwa barabara: atakopa, atajenga. Mwingine tunamwita Mkasi: atapunguza matumizi, atalipa madeni. Mimi ni wa Mkasi, bila shaka.

Asubuhi nilimweleza mke wangu kwa mara ya tisa. Serikali ikitumia kuliko inavyopata, pengo la mwaka huo ndilo nakisi. Inakopa kuliziba. Nakisi za miaka zikirundikana, hilo ndilo deni la taifa, nalo lina riba. Nilitumia vikombe na sahani kuonyesha. Akasema alielewa mara ya kwanza. Hizi nane nyingine nilikuwa najieleza mwenyewe. Akaomba sahani yake.

Kisha akaomba nimtungie uzi. Anatarizi foronya tangu tuoane, ila macho yamefifia. Mtoto wa jicho, yote mawili. Yuko kwenye orodha ya upasuaji katika hospitali ya serikali, nambari mia moja na kumi na mbili. Namtungia sindano sita kila asubuhi, zinamfikisha jioni.

Jirani wa mlango wa pili, mpima barabara mstaafu, ni mtu wa Lami. Amebandika picha ya mgombea wake. Mlango wenyewe hauonekani! Nitajibu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeagiza bango kwa mchora mabango wa sokoni. Maneno mawili tu: TUPUNGUZE NAKISI. Chini yake: Karani Mstaafu, Mlango wa Kwanza. Nilimtajia kwa simu. Palikuwa na kelele, lakini fundi mzima haandikiwi kila kitu kama mtoto wa darasa la kwanza. Litatundikwa langoni mwa shule kabla ya mkutano wa wagombea.

Pia nimeanza mfano wa vitendo: nyumba yetu iwe serikali yenye nidhamu. Nilipendekeza kupunguza matumizi. Kwa kuwa aliyeshika kalamu ni mimi, nikaanza na nyuzi za kutarizi. Mke wangu hakubisha. Alikubali kwa upole ulionitia wasiwasi.

Saa kumi chai ikaja bila sukari. Gazeti halikuja kabisa. Nilipouliza, akasema wote tufunge mkanda.

Jioni nimezirudisha nyuzi. Kule hazina jambo hili tuliliita bajeti ya nyongeza.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Bango liko langoni, herufi za futi moja, rangi safi kabisa: TUPUNGUZE NAKSHI.

Nikampigia fundi. Akasema hata yeye alishangaa kidogo, maana mtaa mzima unajua mke wangu anatarizi, lakini mambo ya ndoa za watu hayaingilii.

Kufika saa tano, wateja wawili wa foronya walikuwa wamepita kumpa mke wangu pole. Jirani alinisimamisha ngazini, akauliza kama nikimaliza nakshi nitahamia kwenye vifungo. Ananiita Mzee wa Nakshi.

Mke wangu hajaliona bango, hawezi kuona mpaka huko. Amesomewa. Nilijitetea kirefu: i imetoka, h imeingia, jumla ni herufi sita vilevile, kwa hiyo daftari limesawazika. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema nimelalia nakshi zake miaka arobaini na miwili na sijawahi kulalamika shingo. Halafu akacheka mpaka akajifuta macho. Nikayatazama macho yale, na ule ukungu mweupe katikati.

Mpango mpya. Mpigakura asiyeona vizuri anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe. Msaidizi ndiye hushika kalamu. Na msaidizi wake atakuwa nani? Kalamu moja, kura mbili, zote za Mkasi. Huo si wizi. Ni ufanisi.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano. Uwanja wa shule ulijaa. Nilikuwa na swali lenye vipengele vinne na mchoro. Niliposimama, mtu wa nyuma akauliza kama ni la nakshi. Kicheko. Nikapoteza ukurasa.

Mke wangu akainuka, ameshika bega langu. Hakuwa na karatasi.

"Mimi ni nambari mia moja na kumi na mbili, nasubiri jicho," akasema. "Mkikopa au mkipunguza, jicho langu liko fungu gani?"

Lami akaahidi hospitali mpya ya ghorofa saba. Mke wangu akamshukuru.

"Ila mwanangu, nimeuliza jicho, umenijibu ghorofa."

Mkasi akatoa daftari lake. Kisha akasema hajui. Fedha za hospitali zimo katika matumizi atakayoyapitia, huenda zikapunguzwa, na hawezi kumdanganya mama mtu mzima. Akaandika kwenye daftari nambari ile na simu yetu.

Njia nzima nilikuwa napiga hesabu. Fungu la hospitali likipungua kwa kiasi anachokitaja Mkasi kwenye kampeni, nambari mia moja na kumi na mbili itafikiwa lini? Nimerudia mara tatu. Miaka miwili. Sikumwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimehama. Mimi! Kesho ni Lami. Ghorofa saba ni upuuzi na nakisi itapaa, lakini mtu wa kukopa hatafunga wodi ya macho mwaka huu. Deni watalipa wajukuu. Nao wana bibi mmoja tu.

Mpango wa kalamu moja uko palepale, kilichobadilika ni mahali pa alama. Jirani asijue kamwe.

Jumanne, 11 Machi

Tulifika saa moja asubuhi. Msimamizi wa kituo akaniapisha: nitaweka alama pale atakapotaka mpigakura, si pengine. Niliapa haraka haraka.

Kibandani nikamsomea majina. Lami juu, Mkasi chini. Akaninong'oneza:

"Weka kwa yule aliyesema hajui."

Nikamnong'oneza habari ya wodi, na ile miaka miwili. Akasema hesabu hiyo anaijua, maana niliipiga kwa sauti njia nzima. Akasema mtu aliyeandika nambari yako unaweza kumfuata ukamuuliza imefikia wapi. Mwenye ghorofa utamuuliza nini?

Kalamu ilikuwa juu ya kisanduku cha Lami. Yeye haoni, na mwingine hayupo. Jicho lilikuwa lake, na mkono ulikuwa wangu. Lakini miaka thelathini na mmoja sikuandika hata tarakimu moja ambayo sikuambiwa. Nikashusha mkono. Nikaweka kwa Mkasi.

Kisha nikapiga yangu, peke yangu, kwa Lami. Tulipotoka nje ndipo nilipokumbuka kwamba moja kutoa moja ni sifuri.

Njiani akaniambia hakuwa na wasiwasi. Muda wote alikuwa ameshika kiwiko changu.

"Mkono ulikaa juu sana, Karani," akasema. "Halafu ukashuka."

Akakishika vizuri zaidi, tukavuka barabara.

Alhamisi, 13 Machi

Lami ameshinda. Jirani amecheza ngazini. Nilimpongeza kwa moyo hata akaniuliza kama naumwa.

Tangazo la kwanza la Lami: amekuta nakisi kubwa kuliko alivyodhani. Matumizi yote yatapitiwa, hospitali ikiwamo. Saa nane simu ikalia. Mkasi, aliyeshindwa. Amepita hospitalini kuulizia, mke wangu sasa ni nambari mia moja na nne, naye atapita tena mwezi ujao. Mke wangu alimshukuru, akanirudishia simu, wala hakunitazama kwa namna ya mtu aliyekuwa sahihi. Ningemwelewa kama angefanya hivyo.

Badala yake amenipa foronya mpya. Katikati, kwa herufi nene alizozifuata kwa vidole: NAKISI. I ya kwanza ni kubwa kuliko zote. Pembeni ni nakshi tupu. Nimeilalia alasiri nzima. Shingo haiumi.

Hapo hapo kwenye mto wazo likanijia. Kukopa kumeshindikana, kupunguza kumeshindikana. Dawa ni serikali kukusanya zaidi! Wapigakura hawajaelezwa tu. Nimempigia mchora mabango: TUONGEZE MAPATO. Kelele kama kawaida. Alirudia neno, likasikika kama mapambo, lakini simu zetu hizi zinajulikana. Nikamwambia ndiyo, hilohilo, herufi za futi moja.