Mtaalamu wa Sura ya Kituo

Hakuwa na kazi, hakuwa na soksi mbili zinazofanana, hakuwa na mlango usiogongwa na watu anaowakimbia. Na aibu, iliyomtoka utotoni pamoja na meno ya maziwa, haikuota tena. Alichokuwa nacho ni ulimi, na mtaa mzima ulimwita hivyo: Ulimi.

Asubuhi moja gazeti lililofungia karanga zake lilimwonyesha sajini wa kituo cha polisi cha jirani amelalia kitabu cha taarifa. Chini yake paliandikwa: "Walinzi wetu." Ulimi alimaliza karanga, akakunja gazeti, akaenda kuazima tai.

Mkuu wa kituo alikuwa ametishiwa uhamisho. Tangu picha ile itoke, hata walioibiwa waliona heri kunyamaza. Ulimi alimsikiliza kwa huruma ya daktari.

"Afande, askari wako si wabaya. Wamepigwa picha vibaya tu."

Akaajiriwa palepale kuwa mtaalamu wa sura ya kituo, nusu ya ada mfukoni. Alimleta shangazi yake apoteze mkoba, sajini akaupata, mwandishi wa gazeti akapiga picha. Wiki iliyofuata sajini alimvusha barabara shangazi yuleyule, ambaye hakuwa na shughuli yoyote upande wa pili. Gazeti likasifu. Benchi la kituo, lililozoea vumbi, likajaa watu.

Ikabaki picha ya mwisho: Ulimi mwenyewe kaunta, akipokea raia. Baada ya hapo angechukua nusu ya pili na basi la saa nane.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mjane mmoja, fundi wa nguo. Ulimi alikuwa ameinamia kitabu, kalamu tayari.

"Sema, mama, usiogope. Kituo hiki ni chako."

"Nimeona gazetini, ndiyo maana nimekuja. Mtu alichukua cherehani yangu akaitengeneze. Mwezi wa tano huu nafua nguo za watu, mimi niliyekuwa nazishona."

"Ukimwona utamjua?"

"Inua uso, baba."

Ulimi akainua. Kamera ikawaka.

Cherehani ilikutwa chini ya kitanda cha shangazi, ikarudi kwa mwenyewe ndani ya gari la polisi. Jioni Mkuu alimshukia Ulimi mahabusu na karatasi. Alieleza kuwa mhariri anasubiri habari ya jinsi kituo kilivyomnasa tapeli sugu, na sajini mwandiko wake haufai.

"Na nikikataa, afande?"

"Utakataaje? Mtaalamu ni wewe."

Akaandika kurasa mbili safi. Kwenye "tapeli sugu" alisita, akaongeza "mwenye akili nyingi". Haki ya mtu ni haki yake. Gundi haikuwapo. Akailamba bahasha kwa ulimi wake mwenyewe, akaibana vizuri, akampa sajini aipeleke posta.