Mahali pa Kukusanyika

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Natangaza rasmi, mbele ya kitanda, jiko la mkaa na panya wa chumba hiki, kwamba kuanzia leo mimi, Hashimu, ninamiliki helmeti nyeupe. Si ya njano. Njano ni ya wanaoambiwa. Nyeupe ni ya anayeambia.

Nimeipata kwa muuza mitumba. Ina ufa kwa nyuma, lakini nyuma sipaoni.

Hali ilivyo: niko mwaka wa tatu, shahada ya afya na usalama mahali pa kazi. Fildi yangu, yaani mafunzo kwa vitendo, iko kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Bi Raya, hapa Mwembesongo, na inaisha wiki hii. Bi Raya amesema atambakiza mmoja awe afisa usalama, kwa mshahara. Tuko wawili: mimi na Shadia, ninayesoma naye darasa moja. Atakayekosa atajua pa kwenda. Mimi najua tayari. Baba mdogo ananisubiri Mgeta, kwenye shamba la kabichi lililosimama kama ukuta. Kule kabichi ikikuponyoka unaifuata hadi mtoni. Nimeshaifuata. Sirudi.

Alhamisi Dokta Angelina anakuja kutoka chuoni kutukagua. Bi Raya atamtazama Dokta aone anamtazama nani. Kwa hiyo lazima Dokta anitazame mimi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimezichunguza mbinu za Shadia. Hana. Anazunguka tu, anawaamkia makuli, anawauliza wanaumwa wapi. Wanamwambia mgongo. Anaandika. Miaka mitatu ya chuo, mtu anaandika migongo! Leo kawagawia barakoa za vumbi na wote wamezivaa. Za kwangu, nilizoziacha mezani wiki iliyopita pamoja na tangazo, wanachujia chai.

Mzee Mwinshehe, fundi wa mashine, anaongea na injini kuliko anavyoongea na watu. Leo nilipomwamkia aliitikia, akaisifia helmeti yangu. Nikashukuru. Akauliza kama kuna kitu kinatarajiwa kuanguka. Nikamjibu kwamba ni tahadhari. Akatazama juu. Upande ule hauna hata paa. Akarudi kwa injini yake.

Jioni, wakati natoa pumba masikioni, wazo likaja. Zoezi la moto! La ghafla, Dokta akiwa pale pale.

Jumatano, 13 Agosti

Kazi imefanyika. Nimechora kibao cha kijani, MAHALI PA KUKUSANYIKA, chenye picha ya watu wanne. Wa nne alikosa nafasi ya miguu. Nimekisimika karibu na lango. Nimetundika ringi ya lori iwe kengele. Nyuma ya ghala nimeweka pipa bovu lenye pumba mbichi: moshi mwingi, moto kidogo. Nitagonga ringi, watu watatoka kwa mstari, watasimama kibaoni, nitasoma majina. Dokta ataona. Bi Raya atamwona Dokta akiona.

Shadia kauliza kama nimewaeleza watu maana ya ringi. Nikamwambia moto wa kweli hautoi taarifa. Kauliza kama Bi Raya anajua. Nikamwambia Bi Raya ana mambo mengi. Akanitazama kama muuguzi anavyomtazama mtu anayesema hana homa.

Wivu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio, ingawa mikono inanuka moshi.

Dokta alifika, akaketi na Bi Raya, akapewa maji. Nikajitoa kwa adabu, nikaenda nyuma ya ghala, nikawasha. Moshi ulipanda mzito, wa heshima, mpaka milima ya Uluguru ikapotea. Nikagonga ringi. Nikakimbilia kibaoni na karatasi yangu ya majina. Kidevu juu.

Hakuna aliyekuja.

Wa kwanza kupita alikuwa Mzee Mwinshehe na ndoo. Alinizunguka kama nguzo ya umeme. Nyuma yake makuli, wengine na mchanga, wengine mikono mitupu, wote mbio kuelekea kwenye moshi. Nikawaita. Nikawaonyesha kibao. Mmoja akaniambia niweke chini makaratasi nishike ndoo.

Kisha lango likajaa majirani. Mama Chausiku anayeuza maandazi ng'ambo ya barabara, na beseni lake. Bodaboda wa kijiweni wote, wameziacha pikipiki, moja ikiwa bado na abiria. Wanawake wa nyumba ya pili na madumu, siku yenyewe bomba halijatoa maji. Mtu mmoja alikuja na ngazi. Hakuna ghorofa. Wakajipanga mstari, madumu yakapita mkono kwa mkono. Mstari safi kuliko wowote niliowahi kuuchora kwenye ripoti. Ila ulielekea upande mwingine.

Pipa lilizimika mapema. Wao waliendelea. Karibu yake palikuwa na magunia ya mchele ya mteja mmoja wa Dumila. Sasa umebakiza chumvi tu uwe wali.

Kibaoni tulikusanyika watatu: mimi, kuku, na Dokta Angelina, ambaye alikuwa amekisoma kibao.

Dokta akamwita Mzee Mwinshehe, akamwuliza kwa upole kwa nini hakuja pale kibao kinaposema. Mzee akajifuta masizi, akakitazama kibao, akatutazama sisi.

"Hapa hapaungui, mwalimu," akasema. "Nije kufanya nini?"

Dokta akaliandika hilo. Langu hakuandika hata moja.

Kijiwe kizima kikataka kumjua aliyewasha. Nami nikataka kumjua, kwa sauti. Ndipo Shadia akapita mbele.

"Lilikuwa zoezi," akawaambia. "Tulipaswa kuwaeleza kwanza. Mtuwie radhi."

Tulipaswa! Kajitwalia nusu ya zoezi langu mbele ya Dokta.

Mama Chausiku akaweka beseni chini, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, siku nyingine ukitaka kutuona, tuma mtu. Tunakuja hata bila moto."

Bi Raya akaagiza chai na maandazi kwa mtaa mzima, maana watu waliokuja kukuzimia moto hawaondoki midomo mikavu. Mimi nikapata kikombe cha mwisho. Ilikuwa imechujwa kwa barakoa yangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya swala, Shadia kakaa na makuli juu ya magunia matupu. Kawauliza wenyewe: nani aende kwenye moto, nani awatoe wateja, nani asimame langoni apokee ndoo za majirani. Mzee Mwinshehe kaomba kwenda kwenye moto. Kapewa mtungi wa kuzimia moto, kafundishwa, kaujaribu, kacheka kama mtoto. Bi Raya alikuwa pembeni, anasikiliza kila neno.

Mimi Dokta, aliyerudi kumalizia ukaguzi, aliniita kando. Akaniuliza ni hatari gani kubwa niliyoigundua hapa tangu nilipoanza fildi. Nikasema vumbi. Akanisubiri. Nikasema kelele. Akaendelea kunisubiri.

Bi Raya kasema atanipigia.

Jumapili, 17 Agosti

Kapiga. Shadia anaanza kesho. Nikampongeza Bi Raya kwa ustaarabu, nikakata simu, nikamlaumu kuku.

Lakini nimetafakari, na kosa nimeliona. Moshi ulikuwa mdogo. Mtu akiogopa kidogo anakimbilia kwenye moto. Akiogopa sana anaukimbia. Ni suala la kipimo. Mapipa mawili na tairi, wangekuja kibaoni wote.

Na sehemu ya kupima nimeipata. Jana mteja wa Dumila alikuja kuchukua mchele wake. Nikamsaidia kuuanika, bila kumweleza ulilowaje. Mtu mpole, naye ana kiwanja na mashine ya kukoboa kule njiapanda. Nikamweleza kwamba anahitaji afisa usalama, na kwamba nitaanza na zoezi la ghafla, moshi wa kutosha, bila kumwambia siku. Akaanza kurudisha mchele kwenye magunia ukiwa bado mbichi. Nimelichukulia hilo kama ishara ya kuvutiwa.

Nimempigia Shadia, asije akadhani nimeanguka. Akaniuliza kama niliwahi kujiuliza kwa nini mtu mwenye mashine Dumila analeta mpunga wake mpaka Mwembesongo.

Mashine yake iliungua mwezi wa tano.