Koti la Maji la Punda Waziri

Jumatatu, 9 Oktoba 2000

Jua. Jua tena. Katelembo nzima imekauka. Hata hivyo namshukuru Mungu, kwa sababu leo amenipa wazo, na mtu mwenye wazo si maskini.

Siku ilianza vibaya. Saa sita mchana punda wetu Waziri alilala katikati ya barabara, mitungi minne ya maji mgongoni, akakataa kuamka. Ulimi nje! Mke wangu Ndunge alimpepea kwa leso. Mimi nilimpa moyo kwa maneno. Aliamka jua lilipopungua, na sidhani ni kwa sababu ya maneno yangu.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Waziri si wetu. Ni wa mama mkwe wangu, Mbinya, aliyetuazima kisima chetu kilipokauka. Sasa ametuma neno. Siku ya Kenyatta, tarehe ishirini, atakuja kumkagua. Akimkuta amekonda au ana vidonda, anamchukua na kumpa Jeremy, mume wa Loise, mdogo wake Ndunge. Hapo Ndunge atarudi kubeba maji kwa mgongo wake mwenyewe, kutoka kisima cha kule bondeni, mlima wote ule. Na mgongo wa Ndunge umeteseka vya kutosha tangu nimwoe.

Ningeenda kumbembeleza mama mkwe, lakini haiwezekani. Sisi Wakamba tulio na adabu tuna nthoni. Mkwe haonani uso kwa uso na mama wa mkewe. Akitokea njia hii, mimi naingia kichakani. Miaka yote hii nimemjua mama yule kwa sauti na kwa viatu tu. Jeremy ni mtu wa Nairobi, hana habari na mambo hayo. Yeye humsalimia kwa mkono na kunywa naye chai! Simwonei wivu. Naandika tu.

Sasa wazo. Jioni nilipita dukani kwa Waithira. Stima ni ya mgao siku hizi, friji zote za sokoni zimegeuka makabati. Lakini soda ya Waithira ilikuwa baridi! Kumbe huifunika kwa gunia lililoloweshwa maji na kuiweka panapopita upepo. Nilisimama na chupa mkononi mpaka ikapata moto tena. Kama soda inapoa, kwa nini punda asipoe? Na farasi? Na binadamu? Kenya nzima iko na jua! Asante Mungu. Asante Waithira.

Jumatano, 11 Oktoba

Cherehani imelia tangu asubuhi. Nimemshonea Waziri koti la gunia, mikanda miwili tumboni, tundu la mkia nyuma. Nikalilowesha. Akapendeza kama mwenyekiti wa kamati.

Ndipo nikaona hasara. Maji yalikuwa yanapotelea hewani! Mimi si mtu wa kumwaga maji wakati wa kiangazi. Nikachukua karatasi ya nailoni niliyokuwa nimefunikia mahindi, nikaishona juu ya gunia lote, ikabana kabisa. Tone lisitoke.

Aiya! Hatukufika hata bondeni. Waziri alianza kutoa mvuke shingoni kama sufuria ya ugali. Akayumba. Akalala. Na mahali pote alipoweza kuchagua katika wilaya hii ya Machakos, alichagua langoni kwa Jeremy.

Jeremy akatoka. Huyu aliwahi kufanya kazi kwenye mazizi ya farasi wa mashindano huko Nairobi, na walipomwachisha kazi walimpa farasi mmoja mzee, mweupe, anaitwa Kanali. Watoto hupiga naye picha siku ya soko. Basi Jeremy hajui tena kutembea kama mtu mwingine. Alirarua nailoni yangu kwa kisu, akammwagia Waziri maji, akampepea kwa kofia. Waziri akasimama. Kisha Jeremy akanieleza, polepole, kama anayeongea na mtoto, kwamba kinachopoza si maji tu, ni upepo ukiyachukua yale maji. Ukifunika upepo usipite, alisema, umepika punda.

Nilimwambia nilikuwa najua. Nilikuwa najaribu.

Lakini Waziri ni mzima. Namshukuru Mungu, na moyoni kabisa, kwa sauti ya chini, namshukuru hata Jeremy.

Ijumaa, 13 Oktoba

Bila nailoni koti linafanya kazi! Niliweka mkono chini ya gunia saa saba mchana. Baridi! Waziri alifumba macho kwa raha. Nikaanza kuwaza duka. Nikaanza kuwaza matawi ya duka.

Ndunge alirudi akakuta mtungi mtupu. Akauliza maji yamekwenda wapi. Nikamwonyesha koti. Akalizunguka mara moja, taratibu. Kisha akasema hakuzaliwa kuchota maji ya kunywesha magunia. Akasema hata Mungu mwenyewe mwaka huu anabania maji, sembuse mimi. Nikatoka nje nikazungumza kidogo na kuku.

Nilipoingia nilimkuta ameshika koti. Alikuwa amepunguza gunia, akabakisha tabaka moja. Akashonea vipande vya blanketi mahali ambapo kamba za mitungi husugua, ili mnyama asipate vidonda. Akaniambia nitumie maji aliyosuuzia nguo, mara moja asubuhi, na mara ya pili kule kisimani kwenye yale yanayomwagika watu wakichota. Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo nilivyokuwa nimekusudia tangu mwanzo. Akakata uzi kwa meno. Ninampenda sana mwanamke huyu. Sijui alinipendea nini, na naogopa kumuuliza asije akafikiria.

Jumapili, 15 Oktoba

Waziri amekwenda na kurudi siku mbili bila kulala njiani. Anakula. Ananenepa! Jana hata alimpiga teke jirani. Asante, Baba wa mbinguni.

Mvumbuzi lazima avae alichovumbua. Nimejishonea kizibao cha gunia hilo hilo, na leo nimekivaa kanisani chini ya koti langu la suti. Wote walikuwa wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Mimi nilikaa kimya nimepoa, nikiwahurumia.

Ila koti la suti lilizuia upepo, na maji yakatafuta njia yao. Wakati wa maombi yalishuka kupitia benchi mpaka sakafuni. Mzee wa kanisa aliyekuwa karibu nami alifungua jicho moja. Akaangalia sakafu. Akaangalia suruali yangu. Akaniwekea mkono begani, na baada ya ibada akaniombea kwa jina, mbele ya watu, kuhusu magonjwa ambayo wanaume huyaficha.

Sikumsahihisha. Maombi ni maombi. Nimeyapokea kwa shukrani.

Ijumaa, 20 Oktoba. Siku ya Kenyatta

Niandike kabla sijalala.

Niliamua Waziri akaguliwe kwenye sherehe, uwanja wa shule, mbele ya watu wote, apate kuonekana na wenye punda wengine. Maagizo yatamiminika! Ndunge alinionya niache mambo ya uwanjani, mama yake atakuja nyumbani. Akaniambia pia leo nitumie maji ya kusuuza kama kawaida. Lakini sikukuu ni sikukuu. Alipotangulia kwenda kumpokea mama yake njiani, nilichukua mtungi mzima wa maji safi. Nikalowesha koti la Waziri, nikalowesha kizibao changu, tukaingia uwanjani tunachuruzika.

Chifu alikuwa anasoma hotuba. Jua kali. Watu wamejikunyata kwenye kivuli cha darasa. Jeremy alikuwa juu ya Kanali, amevaa tai. Sisi tukasimama katikati, peke yetu, kwenye jua, tumepoa kama mtungi. Watu wakatutazama. Nilisikia mmoja akiuliza vinauzwa wapi. Machozi yalinilengalenga.

Akaja nyuki mmoja, akatua begani. Nikampuuza. Wakaja watatu. Halafu sauti kama ya mashine ya kusaga, na haki ya Mungu, nyuki wote wa Ukambani wakashuka juu yetu!

Mtoto yeyote hapa anajua jambo hili. Kiangazi kikikaza, nyuki hutafuta maji popote, hata kwenye kitambaa kibichi cha jikoni. Mimi pia nalijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nikiwaza matawi ya duka.

Uwanja ukawa mtupu kabla hujasema ng'we. Chifu alikwenda na hotuba yake. Kanali, yule mzee ambaye hajakimbia tangu aondoke Nairobi, alikimbia! Jeremy alionekana mara ya mwisho akielekea mjini, tai ikimfuata nyuma. Ningefurahi, lakini nilikuwa nimevaa nyuki. Shingoni, kifuani, kwapani. Waziri vivyo hivyo, kahawia mwili mzima. Nikawaza wakimuuma mnyama huyu atakufa hapa hapa, na Ndunge atabeba mitungi mpaka uzeeni, na kosa ni langu mimi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Ndipo nikaviona viatu.

Navijua vile viatu. Vya raba, vyeusi, vimekatwa mbele kidole kipate nafasi. Mama mkwe! Anakuja moja kwa moja! Nthoni inasema niingie kichakani. Nyuki wanasema usisogee. Sijawahi kubanwa hivyo na mila na wadudu kwa pamoja. Nikafumba macho, nikaona hiyo ndiyo adabu iliyobaki.

Viatu vikasimama. Akageuka akanipa mgongo, na akaanza kuzungumza na punda.

Akamwambia Waziri kwamba nyuki hawa hawana ugomvi na mtu, wana kiu tu. Akamwambia asimame. Akamwambia, kama kuna mtu yeyote hapo karibu yake, naye asimame, asipunge mkono, asipumue kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake asifanye jambo lolote la akili. Baba yake mama huyu alikuwa mrina asali, na mizinga alirithi yeye. Anajua anachosema.

Nikamwomba Waziri, kwa sauti ndogo, amwambie mwenye kusema kwamba nimesikia.

Akamtuma Ndunge alete karai. Akamimina humo maji yake ya kunywa aliyoyabeba kutoka nyumbani, yote, akaweka vijiti juu ili nyuki wasizame. Karai likawekwa hatua chache kutoka kwetu. Tukangoja. Koti lilianza kukauka. Nyuki wakaanza kuhama, mmoja mmoja, halafu makundi. Nilimsikia Ndunge akisali kwa Kikamba kule pembeni, na katika maombi yake jina langu lilitangulia la Waziri. Sikutegemea hilo.

Nimeumwa mara moja tu, sikioni, na ni kwa sababu nilitaka kumshukuru mtu kwa kuinamisha kichwa. Waziri hakuumwa kabisa.

Mama mkwe akamvua Waziri koti. Akapitisha mkono mgongoni mwake. Akamwinua miguu. Akaguna. Kisha akamwambia punda, sio mimi, kwamba ana mgongo baridi kwenye jua la kuua watu, hana kidonda hata kimoja, na mbavu hazionekani. Basi atabaki alipo. Na binti yake asibebe maji kwa mgongo tena.

Nililia. Nililia wazi wazi, nimempa mgongo. Nikamwambia Waziri asante, mwaitu, mama yangu, asante, asante. Waziri akatikisa masikio. Nilisikia mama mkwe akicheka kidogo, na katika miaka yote hii sikujua kwamba anacheka.

Jumamosi, 21 Oktoba

Sikio ni kubwa kama chapati. Moyo ni mwepesi. Ndunge amelala mpaka jua likachomoza, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Waziri yuko nje anakula kamba ya kuanikia nguo. Namshukuru Mungu kwa kila mmoja.

Jeremy amerudi kwa miguu, akimwongoza Kanali. Nimemsalimia kwa upole. Sikuuliza kitu.

Mama mkwe ametuma maneno kupitia kwa Ndunge. Koti ni zuri, tuendelee nalo. Lakini kila siku tuwatangulizie nyuki karai lao la maji mbali na njia, na gunia lolote tutakalotumia lifuliwe kwanza vizuri, lisibaki na harufu ya kitu chochote. Ndunge amenifanya niyarudie mara mbili. Nimeyarudia. Mama ana hekima sana.

Mtu aliyekuokoa huwezi kumwacha hivi hivi. Na kwa kuwa siwezi kumshukuru uso kwa uso, nimekaa kwenye cherehani siku nzima nikimshonea kizibao chake mwenyewe. Mikono mirefu, kola, mifuko miwili. Kesho anatembea kwenda kanisani, na jua hili halina huruma na wazee.

Waithira amenipa gunia zuri kuliko yote, lililokuwa na sukari nguru. Bado lina chembechembe humo ndani, linanukia kama Krismasi. Kulifua ingekuwa kumwaga maji, na Ndunge alishanikanya kuhusu kumwaga maji. Isitoshe, nimefikiria sana habari ya nyuki. Wale wa jana walikuja kwa sababu ya kiu. Hapa watakuta sukari, watashughulika na sukari, na maji ya mama hawatayagusa!

Nimekilowesha kizibao kikalowa kweli kweli. Waziri atakipeleka alfajiri, mpaka mlangoni pake, pale penye mizinga. Mimi nitajificha nyuma ya ua, kwa heshima, nisikie atakavyopiga vigelegele akikivaa.