Divai Iliyotiwa Ufunguo

Jumatatu, 3 Machi

Iwekwe katika kumbukumbu kwamba leo, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, katika chumba cha uani, mbele ya shahidi mmoja ambaye ni mjusi, nimetia rasmi kijiko cha hamira ndani ya dumu la lita kumi. Nilitoa hotuba fupi. Mjusi hakupiga makofi.

Ndani ya dumu: mananasi manne yaliyokatwakatwa, sukari, maji yaliyochemshwa yakapoa. Mdomoni mwake nimebana mrija mwembamba wa mpira, ncha yake imezama kwenye glasi ya maji. Hewa itoke, isiingie. Ndivyo alivyonielekeza Sista, muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye hutengeneza divai kila mwaka na bado hajaua mtu. Alisema nichemshe kila chombo. Nimechemsha kila chombo, hata mwiko wa plastiki wa mke wangu, ambao sasa unatazama kushoto.

Sababu ya haya yote ni shemeji, kaka wa mke wangu, kinyozi. Mwisho wa mwezi anahama anakoishi na anakitaka chumba cha uani. Mke wangu aliniambia, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba chumba kisicho na kazi ni cha mtu asiye na chumba. Nikasema kina kazi. Akauliza kazi gani. Mdomo ukatangulia, akili ikafuata baadaye ikihema: nikasema namtengenezea mama yake divai ya siku yake ya kuzaliwa.

Akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Halafu akatoa hukumu. Tarehe 22 Mama akionja akasifu, chumba changu. Asiposifu, kaka yake anahamia.

Ukweli nauandika hapa tu. Kazi ya chumba kile ni mimi kukaa. Kina dirisha moja. Saa tisa alasiri jua huingia, hutembea polepole sakafuni, hupanda ukutani, kisha huondoka bila kuaga. Sijui mahali pengine duniani ambapo mtu anaweza kutazama jambo kama hilo asiulizwe anafanya nini.

Jumanne, 4 Machi

Kimya. Nimeweka sikio kwenye dumu mara saba. Nilimfuata Sista nikamwambia mgonjwa hapumui. Akasema, "Fundi, nenda kakae." Ni ushauri wa kitaalamu kabisa kwa mtu kama mimi. Nikaenda nikakaa.

Saa tisa na nusu, kiputo kimoja kikapanda kwenye glasi. Kikatulia juu ya maji kama kinachojiuliza kimefika wapi. Kikapasuka. Nilimwita mke wangu. Alikuja, akatazama glasi ya maji, akanitazama mimi, akarudi jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Kiputo kimoja kila baada ya sekunde mbili! Nimepima kwa saa yangu bora. Miaka ishirini na mbili natengeneza saa chini ya ngazi ya duka la dawa, na sijakutana na mashine inayotembea vizuri hivi. Bu. Bu. Bu. Nilifunga meza saa nane nikarudi nyumbani kusikiliza.

Chumba kimeanza kunukia nanasi na mkate. Nilifumba macho nikaona nyumba ndefu yenye vyumba vingi, kila chumba kina dumu, kila dumu linapumua, nami napita katikati taratibu, mikono nyuma, wafanyakazi wananiinamia. Kwenye chupa kuna karatasi yenye picha ya kichwa changu, kimegeuzwa upande wenye nywele.

Nilipofumbua macho, shemeji alikuwa anapima sakafu kwa utepe. Kitanda chake, alisema, kitaishia pale penye dumu. Akainama, akasikiliza, akasema, "Shem, mtoto wako anacheua." Nikamjibu kwamba divai haipendi kelele. Akasema hata yeye hapendi, ndiyo maana amekipenda chumba.

Jumapili, 9 Machi

Balaa. Sekunde nne. Baada ya chakula cha mchana, sekunde sita.

Nilikimbilia kwa Sista. Akaeleza bila haraka, huku anachambua mboga, kwamba hamira inakula sukari, sukari ikipungua viputo navyo vinapungua, na siku vikinyamaza kabisa ndipo divai imeiva. Niache, nisiguse, nisifungue.

Namheshimu Sista. Lakini katika maisha yangu yote ya kazi hajatokea mteja aliyeniletea saa iliyosimama akaniambia imeiva. Kitu kilichokuwa kinatembea kikaanza kuchelewa kina dawa moja: unakitia ufunguo.

Nilifungua dumu, nikatia viganja viwili vya sukari. Saa moja baadaye, sekunde mbili. Barabara. Kuna mambo ambayo hawayafundishi hospitali.

Jumatano, 12 Machi

Sasa kila siku saa tisa, jua likiingia, naitia ufunguo. Viganja viwili. Haijachelewa hata mara moja.

Mke wangu ameuliza sukari inakwenda wapi. Nikasema sisimizi. Amewatafuta sisimizi nyuma ya kabati, chini ya meza, ndani ya mtungi. Hakuona hata mmoja. Shemeji, aliyekuja kunywa chai na kuikuta haina sukari, akasema hawa watakuwa sisimizi wa kuvaa miwani. Mke wangu akatazama miwani yangu. Nikaivua nikaifuta kwa muda mrefu.

Alasiri nililala nimekaa. Niliota niko ndani ya dumu, maji ya dhahabu kila upande, viputo vinanipandisha pole pole, na juu kabisa Mama mkwe ameshika glasi ananingoja. Alikuwa anatabasamu. Hapo nikajua ni ndoto.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji ameleta godoro. Nikamkumbusha kwamba tarehe 22 haijafika. Akasema analileta tu lizoee chumba. Jipya, nene, bado lina nailoni, akaichana mbele yangu kwa wembe wa kazini na kulilaza chini ya dirisha, palepale jua linapotembea.

Nilimlalamikia mke wangu. Akasema godoro halili wala halisemi, linanikera nini. Nikaenda kulikalia kwa hasira. Nikaamka saa kumi na moja. Ni godoro zuri, sitaki kusema zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya chupa. Sista alikuwa amesema divai inyamaze wiki nzima, ijichuje yenyewe, mashapo yatue chini, ndipo ihamishwe. Lakini Jumamosi haimngoji mtu. Tena dumu lilikuwa katika hali bora kuliko siku zote: kiputo kila sekunde moja na nusu. Fundi hamrudishii mteja saa iliyosimama. Anamrudishia inayotembea.

Nimejaza chupa kumi na mbili. Nimegongomea vizibo kwa nyundo yangu ndogo, vikaingia mpaka shingoni. Sista akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, akauliza kama imenyamaza. Nikamjibu kwamba kila kitu kinakwenda sawasawa. Si uongo.

Nimezipanga rafuni, juu ya godoro la shemeji, zikitazama dirisha. Saa tisa jua likapita ndani ya chupa zote kumi na mbili na ukuta mzima ukageuka rangi ya asali. Nilisimama pale nikiwa nimejisahau, mkono umeshika kiganja cha mwisho cha sukari ambacho sikuwa tena na pa kukitia. Nikakila.

Mke wangu alipita na ndoo, akasimama mlangoni. Akatazama ukuta, dakika nzima, nilihesabu. Halafu akasema, "Nzuri," akaenda zake. Kama Mama naye atasema neno hilo hilo moja, sidai zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kama mtu anayeandika ripoti ya ajali.

Mama mkwe aliwasili saa saba na begi kubwa kuliko la mtu anayerudi kwao jioni. Tulikula vizuri. Saa tisa kamili nikawaomba wote waje chumba cha uani: Mama, mke wangu, shemeji, Sista. Nilitaka Mama aone jua likipita ndani ya chupa kabla hajaonja. Nilikuwa na hotuba. Nilifika kwenye maneno "kwa unyenyekevu mkubwa".

Saa tisa na dakika nne, kizibo cha kwanza kiligonga dari.

Cha pili kilifuata baada ya sekunde arobaini. Cha tatu, sekunde ishirini na tano. Nilipima, mkono umezoea. Baada ya hapo chupa zilipiga kama saa zote za mji zimefika saa sita kwa pamoja. Shemeji alijifunika kwa mlango. Sista akamvuta Mama nyuma yake kwa utulivu wa mtu aliyewahi kufanya kazi wodi ya watoto. Povu lilitoka, likateremka rafuni, likaingia ndani ya godoro. Godoro lilikunywa takriban lita nane na halikulewa.

Chupa ya kumi na mbili niliiwahi. Niliikumbatia, nikakizuia kizibo kwa kidole gumba, nikakitoa, nikammiminia Mama nusu glasi. Iliyobaki ililowesha shati langu.

Mama alionja. Alifumba macho. Chumba kizima, kikidondoka, kikasubiri. Nikaona midomo yake inaanza kusema.

"Mwanangu," alisema, "hii si divai. Hii ni chai ya nanasi iliyokasirika."

Sista aliomba glasi, akaonja kidogo, akaniuliza nilitia sukari kiasi gani. Nikatazama dari. Dari nayo ilikuwa imejaa ushahidi.

Jumapili, 23 Machi

Leo asubuhi mke wangu alifungua mlango wa chumba cha uani. Akasema, "Sisimizi wako wamefika." Kweli. Mstari mmoja mnene, kutoka ukutani mpaka godoroni, wenye nidhamu kuliko foleni yoyote niliyowahi kupanga.

Shemeji alikuja kukagua. Akanusa. Akabonyeza godoro kwa kidole, likatoa sauti. Akatangaza kwamba hawezi kuishi ndani ya nanasi.

Nilitulia. Nikatazama pembeni, nikakunja uso kwa huzuni. Moyoni nilikuwa nacheza. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo, na nikifikiria vizuri, karibu nilikipanga.

Jumatatu, 24 Machi

Ushindi, na uandikwe hivyo. Shemeji amehamia mapema, lakini sebuleni. Mama ameona binti yake ana mzigo mzito, hivyo atabaki wiki mbili. Analala naye chumbani kwetu. Chumba cha uani ni changu. Hakuna hata mmoja anayekitaka. Mke wangu mwenyewe alinikabidhi ufunguo, pamoja na shuka.

Nimechunguza ajali kwa lenzi yangu ya kazini na kosa nimelipata. Ni vizibo. Vizibo vilikuwa dhaifu. Safari ijayo nitavifunga kwa waya.

Dumu jipya limeanza leo saa nne na dakika kumi na saba, la mapera. Sukari naificha ndani ya boksi la saa mbovu. Mjusi alihudhuria. Mpaka saa tisa hakijatoka hata kiputo kimoja, nikaona si vibaya kuitia ufunguo mapema.

Nalalia godoro la shemeji. Bado bichi.