Mtamba Aliyemmeza Kapteni

Nikolaus Mathayo,
Karani wa Mizani (Mstaafu),
Msowero, Kilosa.
15 Agosti 1994

Ndugu Katibu Kata,

YAH: OMBI LA KUCHINJWA MTAMBA ILI KAPTENI ATOKE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ofisi yako yote, pamoja na lile dirisha lenu lisilofungika. Mimi ni mzima wa mwili.

Nianze kwa kueleza ni kapteni yupi, maana karani wako aliandika "mwanajeshi" kwenye daftari, na mgambo wawili wakaja kwangu kuuliza ametoroka kikosi gani. Mimi ni mkusanyaji. Miaka sita iliyopita, milango ya biashara ilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kushushwa Mikumi, nilikuta ndani ya robota la nguo za watoto kisanamu cha plastiki chenye urefu wa kidole cha kati. Kilitoka kwenye filamu ambayo Mudi huionyesha katika banda lake la video palepale Mikumi, ya wasafiri wa anga waliokwama kwenye sayari ya vumbi jekundu. Nimeiangalia mara kumi na moja. Kiingereza chao sikielewi vizuri, lakini shida zao nazielewa.

Haba na haba hujaza kibaba. Leo nina wasafiri kumi na sita na magari yao matatu, wote wa mtindo wa zamani: viungo vitano tu, yaani shingo, mabega na nyonga. Wa kisasa wanaokunja viwiko wameanza kuingia sokoni, hao siwapokei. Kapteni ndiye niliyempata mwisho, baada ya miaka minne ya kupekua. Nilimpa mwenye robota debe la mahindi. Aliniona mjinga, nami nikamwona mjinga, tukaagana vizuri.

Jumapili ya tarehe 24 Julai, baada ya ibada, niliwapanga wote juu ya kichuguu kilichoko mwisho wa shamba langu, kwa kuwa kichuguu kile kinafanana kabisa na sayari yao. Nikaingia ndani kidogo. Niliporudi, mtamba mwekundu wa jirani yangu Lenku, mfugaji, alikuwa amesimama juu ya sayari analamba udongo, na kapteni hayupo. Mtamba alikuwa anatafuna. Nakiri kwamba ng'ombe hulamba vichuguu kwa ajili ya chumvi. Nakiri pia kwamba mimi mwenyewe nilimruhusu Lenku aingize mifugo yake ili ile mabua baada ya mavuno, kama tufanyavyo kila mwaka. Lakini ruhusa ilihusu mabua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Shamba alikuja kupima hasara kwa hatua, akakuta hakuna zao lililoliwa, akafunga daftari. Nilimwomba amwandike kapteni kwenye "mazao mengineyo". Alikataa, eti hajapandwa. Serikali imeruhusu kila kitu kiingie nchini, lakini haijachapisha fomu ya mtu kukilalamikia kikipotea.

2. Lenku, badala ya kukiri, alianza uchunguzi wake. Aliniuliza, "Mzee, huyo kapteni ana rangi gani? Ana alama ya sikio? Alizoea kwenda malisho ya upande gani?" Nilimjibu kwa ukamilifu. Siku tatu alimtafuta kwenye nyasi mpaka mtoni, akifuata nyayo, akarudi kuniambia kwa masikitiko kwamba hakuna kapteni aliyepita huko. Hilo mimi nilikwisha kulisema.

3. Bwana Mifugo alimbinya mtamba ubavu, akasema plastiki ngumu ikiingia tumboni haitoki; itakaa humo mpaka siku ya kisu. Nikasema basi kisu kiletwe. Lenku akasema mtamba si wake, ni wa mkewe, Nasieku, aliyepewa na mama yake siku ya kuolewa, na hakuna mwanamume wa kumchinja bila kauli yake. Nasieku alitoa kauli. Sitaiandika hapa, kwa kuwa barua hii ni ya kiofisi. Baadaye alipoa akanipa beberu kama fidia, nikamrudisha. Beberu hawezi kuongoza safari ya anga.

4. Balozi wetu wa nyumba kumi, Bibi Regina, aliamua Jumapili ileile mtamba afungwe kwangu kama kielelezo mpaka ofisi yako itoe uamuzi. Hivyo kwa siku ishirini na mbili nimemkatia majani, nimemchotea maji, na kila asubuhi nimechunguza kinyesi chake kwa chekecheo la jikoni, maana wataalamu nao hukosea. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama sana.

5. Wasafiri waliobaki hawana kiongozi. Nimemteua fundi mitambo akaimu, lakini hana heshima ya kutosha, na gari la magurudumu sita halijasogea tangu siku hiyo. Binti yangu Consolata aliandika kutoka Morogoro kwamba hivyo ni vitu vya kuchezea watoto. Tangu mama yake, marehemu Agatha, atutangulie, nyumba hii ina vyumba vitatu na mtu mmoja, na mtu huyo lazima awe na kitu cha kupanga.

6. Lenku anaingilia ushahidi. Kila jioni, akishafunga ng'ombe wake zizini, anakuja kumwona mtuhumiwa. Ananipa shikamoo, naitikia marahaba, maana kesi ni kesi na shikamoo ni shikamoo. Anamwimbia mtamba kwa lugha yao. Ananiletea maziwa, nami nalazimika kupika chai ya watu wawili. Juzi aliniuliza kama wale wasafiri walifika kwao, na ilinibidi nimsimulie filamu nzima mpaka giza likaingia. Mtamba naye sasa akisikia sauti yangu anageuka. Sioni jinsi shahidi wa namna hiyo atakavyosema ukweli.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima:

(a) Mtamba achinjwe mbele ya Bwana Mifugo, na kapteni akabidhiwe kwangu akiwa ameoshwa.

(b) Ikishindikana, izingatiwe kwamba kapteni yumo ndani ya mtamba, anasafiri anakosafiri yeye, na anasimama anaposimama. Chombo kinachombeba kapteni ni gari. Naomba basi mtamba aandikishwe rasmi kuwa gari la nne la mkusanyiko wangu, na Nasieku apewe taarifa kwa maandishi, na mtu mwingine asiye mimi.

(c) Majibu yanifikie ndani ya siku saba, la sivyo nitapanda ngazi hadi wilayani.

Nisalimie mama watoto, karani wako, mgambo wote wawili, na Bwana Shamba pia, ingawa hakustahili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Nikolaus Mathayo

Nakala: Bwana Mifugo, Balozi Regina.

N.B. Barua hii nilikwisha kuipiga nakala tatu, na karatasi ya kaboni ilikuwa ya mwisho, hivyo naongeza hapa kwa mkono. Kapteni amepatikana. Alikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la kanisani, na aliyemtia humo ni mimi. Lenku alikuwepo nilipomtoa. Alimwangalia kapteni, akaniangalia mimi, kisha akamgeukia mtamba, akampapasa tumbo kwa muda mrefu. Akasema upande wa kushoto bado umejaa kidogo, hata yeye ana mashaka, ni vizuri tungoje. Kesho anakuja na kigoda chake. Kwa hiyo ombi (a) nalifuta kabisa, na ombi (b) Nasieku asilisikie. Lakini shauri lenyewe naomba lisifungwe. Najua ofisi yako ina mafaili mengi, ndugu yangu. Usiharakishe.